Kumtumikia Mungu bila kutafuta sifa za watu: maana yake na mipaka yake

Kumtumikia Mungu bila kutafuta sifa za watu ni kuifanya kazi yake kwa uaminifu uleule, watu wakiona au wasipoona, wakishukuru au wasiposhukuru, kwa kuwa anayefanyiwa kazi hiyo ni Mungu mwenyewe. Maana yake kwa ufupi ni hiyo. Lakini mara nyingi hueleweka visivyo, kana kwamba mwamini ameamriwa kujificha na kuogopa kila jicho linalomtazama.

Fundisho lenyewe limesimama hasa katika Mathayo sura ya 6. Yesu anataja mambo matatu ambayo wacha Mungu wa siku zake waliyathamini sana: kutoa sadaka, kusali na kufunga. Katika kila moja anaonya dhidi ya kufanya ili watu watazame, na mara zote tatu anasema wanaofanya hivyo wamekwisha kupata thawabu yao. Onyo hilo ni zito kuliko linavyosikika mara ya kwanza. Hakusema wameambulia patupu. Walitaka kuonwa, wakaonwa. Wamelipwa walichokiomba, na hawana wanachodai tena kwa Baba aonaye sirini.

Sasa rudi nyuma ukurasa mmoja tu, katika mahubiri yaleyale, sura ya 5 mstari wa 16. Hapo Yesu anawaambia wanafunzi nuru yao iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yao mema. Je, anajipinga? Hapana. Soma mstari hadi mwisho: wakiisha kuyaona, wamtukuze Baba aliye mbinguni. Kinachopimwa ni mahali sifa inapoishia. Ndiyo maana anayehubiri mbele ya maelfu anaweza kuwa na moyo safi kabisa, na anayefagia kanisa peke yake usiku akawa anasubiri kwa hamu atokee mtu amkute. Hata usiri wenyewe unaweza kugeuka majivuno, pale mtu anapojisifu moyoni kwa jinsi alivyo mnyenyekevu kuliko wenzake.

Katika Agano la Kale kuna ukoo wa Walawi ambao husomwa haraka ukapitwa, nao ni wana wa Merari. Hesabu sura ya 4 inaeleza jinsi hema ya kukutania, yaani hema ya ibada ya Waisraeli, ilivyobebwa jangwani. Wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu, pamoja na sanduku la agano. Wana wa Gershoni walibeba mapazia. Wana wa Merari, wanaume 3,200 wenye umri wa miaka 30 hadi 50, wakapewa mbao, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Sijui ni nani angetamani kukumbukwa kama mbeba vigingi. Hata hivyo sura hiyo inaagiza kwamba vitu walivyopangiwa kubeba vitajwe kimoja kimoja kwa jina. Sanduku la agano lisingekuwa na pa kukaa kama watu hao wangefika kambini mikono mitupu. Mungu alijua kigingi kipi kimekabidhiwa nani, na hilo peke yake lilitosha kuipa kazi yao heshima.

Mtu mwingine ninayempenda sana katika jambo hili ni Ebed-meleki Mkushi, towashi katika nyumba ya Sedekia, mfalme wa Yuda, ambaye habari zake ziko katika Yeremia sura ya 38. Wakuu wa Yerusalemu walikuwa wamemtupa nabii Yeremia katika shimo lenye matope ili afe humo. Mfalme alijua. Alipoombwa kibali aliwajibu wakuu hao kwamba hana uwezo wa kuwapinga, na baadaye katika sura hiyohiyo anakiri kwamba anaogopa watu wasije wakamdhihaki. Ebed-meleki, mgeni asiye na ukoo wa kumtetea, alikwenda kwa mfalme alipokuwa ameketi langoni akasema wazi kwamba lililotendwa ni ovu. Akapewa watu 30. Kabla ya kwenda shimoni alipitia ghalani akachukua matambaa makuukuu, akamteremshia Yeremia ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue. Hakuna aliyemwagiza matambaa hayo. Huo ndio uaminifu: kuifikiria kazi hadi mahali ambapo hapana mtu atakayekuuliza.

Tazama pia alivyosema hadharani, mbele ya watu ambao wangeweza kumwangamiza. Kutotafuta sifa kulimpa ujasiri. Mara nyingi tunadhani kiu ya sifa hatari yake ni majivuno peke yake, tukasahau kwamba humfunga mtu mdomo pia. Yohana 12:42-43 inasimulia wakubwa waliomwamini Yesu lakini hawakumkiri, wakihofia kutengwa na sinagogi, kwa kuwa walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Anayeishi kwa kusifiwa huishi pia kwa kuogopa kulaumiwa.

Mtu atajuaje basi moyo wake umeegemea wapi? Si rahisi, na nadhani ni vyema kutojichunguza kupita kiasi. Lakini kuna nyakati moyo hujifunua wenyewe. Jina lako limesahaulika katika shukrani. Je, kazi ya wiki ijayo imepungua ubora? Mwenzako amesifiwa kwa jambo mlilofanya pamoja. Unaweza kufurahi naye? Umehamishwa kutoka mbele kwenda jikoni. Bado unaona unamtumikia Bwana yuleyule? Kuumia kidogo si dhambi, kwa maana sisi ni binadamu na neno la asante lina utamu wake. Tatizo huanza pale asante inapokuwa mshahara ambao bila huo kazi inasimama.

Kuna upande mwingine ambao lazima usemwe wazi, kwa sababu fundisho hili limewahi kutumiwa vibaya. Wapo viongozi ambao, wakiulizwa kwa nini mtumishi fulani amechoka, hapumziki na hajalipwa alichoahidiwa, hujibu kwamba thawabu yake iko mbinguni. Hilo si fundisho la Yesu. Agizo la kutotafuta sifa humhusu anayetumika na moyo wake. Halimpi yeyote ruhusa ya kuwa mchoyo wa shukrani. Paulo, aliyeandika kwamba kama angetaka kuwapendeza wanadamu asingekuwa mtumwa wa Kristo, ndiye aliyejaza majina ya watenda kazi wenzake katika Warumi sura ya 16, akianza na Fibi. Katika sura hiyo Tertio, aliyeuandika waraka huo kwa mkono, anatoa salamu zake kwa jina. Kuhusu Epafrodito, aliyeugua karibu kufa kwa ajili ya kazi ya Kristo, Paulo aliwaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Na kwa Timotheo yanarudiwa maneno kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Kwa hiyo mtumishi anayeomba mapumziko, msaidizi au haki yake hajatafuta utukufu, na anayemsikiliza anapaswa kumjibu kwa kumtendea aliloliomba.