Silaha za mvuke na uchawi: weka uchawi mahali pamoja tu

Michoro ya silaha za mvuke ninayoletewa na vijana wanaoandika hadithi za kubuni hufanana sana: mzinga mkubwa wa shaba, jiwe la kichawi linalong'aa katikati, moshi mwingi, na pembeni maandishi kwamba pigo moja linaangusha ngome nzima. Swali langu la kwanza ni lile lile kila mara: maji yako wapi? La pili: nani anakesha akichochea moto mpaka presha ipande?

Mchana kazi yangu ni boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, kwenye kiwanda kimoja kando ya ziwa hapa Mwanza. Usiku nabuni silaha za ulimwengu ambao mimi na wenzangu tunauchezea mezani, ulimwengu wa dola mbili zinazogombea ziwa moja kubwa: Visiwani na Bara. Boila zimenifundisha kanuni moja ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Katika mtambo wa mvuke wa kichawi, uchawi ukae sehemu moja tu, na sehemu nyingine zote zitii tabia ya mvuke kama ilivyo. Ukishika hapo, huna haja ya kuyalazimisha mashindano ya silaha. Kila udhaifu ulioubakiza ni mlango wa adui, na kila mlango adui akiupitia, wewe unalazimika kujibu.

Tuanze na mvuke wenyewe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya wazi hujaza zaidi ya lita 1,600. Hiyo ndiyo nguvu inayowavutia waandishi. Bei yake hawaitazami. Kuchemsha kilo moja ya maji ya ziwa yenye nyuzi 25 kunataka kilojuli 300 hivi. Kuyageuza maji hayo hayo, yaliyokwisha kuchemka, yawe mvuke kunataka zaidi ya 2,250. Hapa Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini unafuu huo ni kidogo mno. Ndiyo maana boila kubwa za meli za zamani ziliwashwa saa nyingi kabla ya safari, tena taratibu, ili chuma kisipanuke upande mmoja na kupasuka. Silaha ya mvuke haiamki ghafla. Anayevamiwa alfajiri boila ikiwa baridi hana silaha.

Kuna jambo zito zaidi. Fungia maji kwenye chombo mpaka presha ifike mara 10 ya hewa ya kawaida, yatafika nyuzi 180 yakiwa bado maji. Chombo kikipasuka, presha inaanguka mara moja na karibu sehemu moja ya saba ya maji hayo inalipuka kuwa mvuke papo hapo. Mwaka 1865 boila za meli Sultana zililipuka kwenye mto Mississippi, Marekani, wakafa watu zaidi ya 1,100. Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, iliua watu 58. Hakuna aliyekuwa ametengeneza silaha. Kwa hiyo mbunifu aanze kwa kukubali kwamba kitu cha hatari kuliko vyote kwenye chombo chake cha vita kiko chini ya miguu ya mabaharia wake mwenyewe.

Je, bunduki za mvuke zimewahi kuwepo? Ndiyo. Jacob Perkins, Mmarekani aliyehamia London, aliunda moja miaka ya 1820 iliyotema risasi mfululizo, na Duke wa Wellington mwenyewe, jemadari wa Uingereza, akaoneshwa. Jeshi halikuichukua. Gesi haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi inayoizidi mno kasi ya sauti ndani ya gesi hiyo, na mvuke wa boila, ambao haufikii joto la gesi ya baruti, umeachwa mbali hapo. Mvuke unashinda pale panapotakiwa msukumo mrefu, laini na mzito. Manowari ya Uingereza HMS Perseus ilipofanyiwa majaribio mwaka 1950, manati yake ya mvuke ilirusha ndege nzima kutoka sitahani, na mpaka leo zipo manowari zinazorusha ndege kwa njia hiyo. Basi usibuni bunduki, buni manati. Au sukuma meli.

Sasa uchawi. Mtambo una sehemu nne ambazo uchawi unaweza kukaa: moto, maji, chombo, na valvu. Dola zangu zilichagua kutokana na ardhi zao. Visiwani hakuna miti ya kutosha, kwa hiyo waganga wao walihangaikia moto. Bara wana miti na wana wahunzi, wakahangaikia chombo. Wahunzi hao sikuwatoa hewani. Kagera kumechimbuliwa matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000, na majembe ya Warongo, upande wa Geita, yaliuzwa Usukuma kabla ya wakoloni. Mtu anayedhani mambo ya chuma na moto ni ya kuazima Ulaya tu, aanze kusoma hapo.

Boila ya Bara, basi, ni chuma kilichosomewa dua za ukoo: hakipasuki. Presha wanaipandisha wanavyotaka. Lakini moto wao ni kuni tupu, na kila manati inakula msitu. Wakipigana msimu mzima, vilima vinabaki mawe matupu, mvua ikinyesha udongo unaingia ziwani.

Moto wa Visiwani unatoka kwenye jiwe lisiloisha. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu joto lazima litoke mahali. Nikaamua linatoka ziwani. Jiwe linanyonya joto la maji yanayozunguka chombo na kulimwaga chini ya boila. Kwa kawaida joto haliendi lenyewe kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye moto, na hapo hasa ndipo uchawi ulipo. Hesabu nyingine zote nimeziacha zilivyo. Kilo moja ya mvuke inataka kupooza lita 60 hivi za ziwa kwa nyuzi 10. Meli ya vita inayotumia maelfu ya kilo kwa saa inaacha mkondo wa maji baridi nyuma yake, na samaki hawakai humo. Wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa zao wanarudi na mitumbwi mitupu, na wavuvi hao ni watu wa Visiwani wenyewe. Silaha inaila dola iliyoiunda. Hilo sikulipanga; lilitokea nilipokataa kuupa uchawi sehemu ya pili.

Kuhusu jinsi mashindano yanavyokwenda, sikuhitaji kwenda mbali. Msukuma yeyote anawajua Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma. Chanzo chao kinaelezwa kuwa waganga wawili walioshindana dawa, na hukumu ikawa ngoma: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa kali. Mpaka sasa baada ya mavuno, Bujora na kwingineko, makundi hayo yanatafutana. Mmoja akileta nyoka, mwenzake anajipanga kwa msimu unaofuata. Nimechukua mambo mawili hapo. Kwanza, adui anaiona silaha yako hadharani, na ana msimu mzima wa kutafuta jibu. Pili, mshindi anaamuliwa na watazamaji. Katika ulimwengu wangu vijiji vya pwani vinahamia upande wa dola inayoonekana kuwa na nguvu, hata kama silaha yenyewe haijarushwa kwa mtu. Kwa hiyo silaha nyingi za mwanzo zilibuniwa zionekane.

Waandishi wengi hudhani jibu la manati kubwa ni manati kubwa zaidi. Historia ya maziwa yetu inakataa. Wajerumani waliijenga Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande, wakaileta kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ikashushwa majini Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Meli ya mvuke kubwa kuliko zote ziwani humo. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza hawakuleta kubwa zaidi. Walileta boti mbili ndogo za injini ya petroli, zilizoitwa Mimi na Toutou, wakazivusha nchi kavu kupitia Kongo. Boti ya petroli haingoji presha. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, na Julai mwaka huo Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe. Baadaye iliibuliwa, na ndiyo meli ya Liemba tunayoijua. Ukubwa nao una gharama kwa anayeanza: manowari HMS Dreadnought ya mwaka 1906, yenye mitambo ya tabo za mvuke (magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na mvuke), ilizifanya manowari kongwe za Uingereza yenyewe zionekane za kale, na Ujerumani ikapata nafasi ya kuanza karibu sawa na Uingereza.

Turudi kwenye manati ya Visiwani, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Boila inalisha tangi la akiba. Kati ya tangi na silinda kuna valvu, ndani ya silinda kuna pistoni, na pistoni imeshika ndoano inayovuta kombora kwenye reli ndefu ya mbao. Silinda ikiwa baridi, mvuke wa kwanza unageuka maji. Ukifungua valvu maji hayo yakiwa bado humo, hayabonyei kama mvuke. Yanagonga mfuniko wa silinda na kuuvunja. Kila mwendesha boila anaijua sauti ya nyundo ya maji kwenye bomba, na haipendi. Kwa hiyo kabla ya kurusha, fundi anafungua koki ndogo za chini, mvuke unaingia kidogo kidogo, koki zinatema maji ya moto yenye kutu, kisha mchanganyiko unaokohoa, kisha mvuke mkavu usioonekana pale pale mdomoni mwa koki, unaogeuka mweupe umbali wa kidole. Hapo ndipo anafunga na kuinua mkono.

Sauti hiyo inasafiri juu ya maji usiku. Bara wakajifunza kuisikiliza. Waliweka walinzi kwenye mawe ya ufukweni, na wakisikia koki zinafoka wanajua wana dakika chache za kuhamisha mitumbwi. Visiwani wakajibu kwa kushambulia mvua inaponyesha tu. Hakuna uchawi mpya uliohitajika, ni koki na masikio.

Jibu la Bara lililofuata lilikuwa la bei rahisi kuliko yote, na nilitazama dirishani tu kulipata: gugu maji. Mganga mmoja mzee, kwenye hadithi, anaotesha zulia la gugu usiku mmoja. Meli za Visiwani zinavuta maji ya ziwa kupoozea mvuke uliokwisha kazi ili urudi kuwa maji safi ya boila. Mdomo wa bomba ukizibwa na mizizi, mvuke haupoi, na meli inasimama katikati ya majani, boila ikiwa imejaa.

Zamu ya kujibu ikawa ya Visiwani, na jibu lilitoka kwenye uchawi wao ule ule. Wakaacha kupooza mvuke, wakautupa hewani. Anayetumia kuni hawezi kumudu hilo, ila moto wao hauishi. Maji wanachota kwa ndoo na kuyachuja kwa kitambaa. Lakini sasa boila inapokea maji mabichi ya ziwa kila saa, na ukoko unaganda kwenye mabomba, ule ule unaouona ndani ya birika la chai. Joto linashindwa kupita, chuma kinapata moto kupita kiasi, na chuma cha Visiwani ni chuma cha kawaida. Inabidi kila baada ya muda wazime, wapooze, wafungue, waingie ndani na patasi kukwangua. Siku hizo meli haina mvuke kabisa. Bara wameshatuma wapelelezi kusikiliza patasi.