Si uchafu wa maji: dhana potofu kuhusu vidudu wanaomlisha dagaa

Usiku wa giza, chota maji ya bahari kwenye glasi, umulike kwa tochi ubavuni. Utaona vidoa vyeupe vikirukaruka. Wengi husema ni takataka. Ni wanyama hao, wengi wao kopepodi, jamaa wa kamba na kaa, urefu wao milimita moja au mbili tu.

"Dagaa anakula mwani." Hii nimeisikia mno, na inaniuma, maana inamfuta kabisa anayefanya kazi. Mimea inayoelea baharini mingi haionekani kwa macho. Kopepodi ndiye anayeila, akawa yeye punje ya kumfaa dagaa mchele. Dagaa naye huliwa na jodari na nguru. Hata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja karibu na Kilindoni kule Mafia kufuata vikamba vidogo waeleao.

"Wanaelea tu na kuchuja chochote kinachopita." Kwa mwili mdogo hivyo, maji ni mazito kama asali, na miguu yenye vinywele haiwezi kufanya kazi ya chekecheke. Mwaka 1981 watafiti Mimi Koehl na Rudi Strickler walionyesha, kwa filamu ya kasi kubwa, jinsi kopepodi anavyovuta maji kuelekea kwake, kisha anafumbua viungo vya mdomo na kulikumbatia fungu dogo la maji lenye chakula. Tena huchagua: kisichofaa hukitupa. Akishtuliwa huruka mara mamia ya urefu wake kwa sekunde. Na wengi hushuka mchana kuwakimbia samaki, wakapanda usiku kula. Wavuvi wa taa wanaona matokeo yake: vidudu hujaa kwenye mwanga, dagaa nyuma yao.

"Kopepodi ndiye anayemaliza mimea hiyo." Hapana. Sehemu kubwa, wastani wa zaidi ya nusu ya inayoota kila siku, huliwa na viumbe wa seli moja, wadogo kuliko yeye. Kopepodi huwala na hao pia.

"Maji yakipata mbolea zaidi, samaki wataongezeka." Si lazima. Mimea ikifumka ghafla, mara nyingine huwa ya aina yenye sumu, au mingi kupita uwezo wa walaji. Isiyoliwa hufa, huoza, na kuoza huko hula oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Iliyoliwa hushuka chini kama vipunje vya kinyesi, na huko minyoo na viumbe wengine wa sakafuni wanavisubiri.