Je, wajua kwa nini mfanyakazi hodari huishiwa ari kazini?

Mtu aliyekuwa mstari wa mbele kwa kila jambo anaanza kufanya yale tu aliyoagizwa, na saa ya kutoka ikifika hayupo. Wakubwa huharakisha kusema amekuwa mvivu, au humpeleka semina ya motisha. Mara nyingi tatizo ni jingine: haoni tena kazi yake inaishia wapi.

Mwaka 2008 watafiti Dan Ariely, Emir Kamenica na Drazen Prelec walichapisha jaribio moja lililolipima jambo hili. Wanafunzi walilipwa kuunga midoli ya Lego (vipande vya plastiki vinavyopachikwa pamoja), dola 2 kwa wa kwanza, na senti 11 pungufu kwa kila uliofuata. Kundi moja liliona midoli yake ikiwekwa kando. Kundi la pili liliona ikibomolewa palepale mbele ya macho yao, kisha wakapewa vipande vilevile waunge tena. Malipo hayakutofautiana hata senti. Kundi la kwanza liliunga wastani wa midoli 10.6, la pili 7.2.

Ripoti iliyomkesheza mtu usiku kucha, kisha ikafungiwa kabatini bila hata "tumeipokea", humvunja moyo vivyo hivyo.

Ari iliyopotea hurudije? Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapiga simu waliochangisha fedha za chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Ni kazi ya kuchosha: unakataliwa, unakatiwa simu, unapiga nyingine. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyekuwa akisomeshwa kwa fedha hizo, wakamuuliza maswali. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Waliosoma barua yake tu, bila kumwona, hawakupata mabadiliko hayo.

Hilo la barua ndilo ningependa kila meneja alitafakari. Maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani hayamfikii mtu kama sura ya yule anayenufaika na jasho lake. Mhasibu akutane na wale ambao mishahara yao hupita mikononi mwake. Fundi wa mitambo amsikilize anayeitumia mitambo hiyo kila siku.

Mfanyakazi naye anaweza kuanza mwenyewe. Mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walizungumza na wasafishaji wa hospitali, wakakuta baadhi yao wanajihesabu kuwa sehemu ya matibabu. Mmoja, aliyefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu, alikuwa akibadilisha picha za ukutani, akitumaini kwamba mabadiliko hayo huenda yakawasaidia kuzinduka.

Lakini haya yote hayazibi pengo la mshahara duni wala unyanyasaji. Hayo yatatuliwe moja kwa moja. Na ikiwa baada ya kutafuta kwa dhati hakuna anayenufaika na kazi fulani, ifutwe, mtu huyo apangiwe nyingine.