Viza ya Kukaa Muda Mrefu kwa Mstaafu: Yanayosemwa na Yalivyo

Ukikaribia miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, au 60 ambao ni wa lazima, mazungumzo ya kuhamia nje huanza yenyewe. Mtoto yuko Toronto, binti yuko Manchester, uliyekuwa naye ofisi moja amesikia kwamba Ureno wanapokea wastaafu. Hapa Dar es Salaam nakutana mara kwa mara na watu wa aina hii, bahasha ya kaki mkononi imejaa nakala, na karibu wote wameshachagua nchi. Ningependa waanze upande wa pili, waangalie kwanza pensheni ya mwezi ni kiasi gani, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua ni nchi zipi za kuzungumzia.

"Kila nchi kubwa ina viza ya wastaafu"

Marekani haina. Uingereza ilikuwa na njia ya wastaafu wenye kipato chao wenyewe, ikaifunga kwa waombaji wapya Novemba 2008 na haijaifungua tena. Kwa hiyo wakala anayekuahidi viza ya kustaafia London kwa malipo ya awali anachukua fedha yako kwa kitu kisichokuwepo. Na akikushauri "kupamba" taarifa ya benki, ondoka. Ombi lenye udanganyifu linaweza kukufungia Uingereza kwa miaka 10, na hapo hata kwenda kumwona mjukuu kunakuwa shida.

Nchi zenye njia rasmi zipo. Afrika Kusini ina viza ya mstaafu ya hadi miaka minne. Falme za Kiarabu hutoa ukaazi wa miaka mitano kwa mwenye umri wa kuanzia 55. Thailand wanaanzia 50. Ureno na Hispania hawadai uwe mzee. Wanachotaka kuona ni kipato kinachoingia bila wewe kufanya kazi.

"Mkupuo wangu ni mkubwa, utatosha"

Hili ndilo linaloumiza watu wengi kuliko yote, kwa hiyo tulipigie hesabu. Chukua mtumishi aliyechangia miezi 420, yaani miaka 35, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha 2022 (kanuni ya kukokotoa mafao), kilichokuwa na mkupuo, yaani fedha unayolipwa mara moja ukistaafu, wa asilimia 33, anapata mkononi kama shilingi milioni 64.5, na pensheni yake ya mwezi inakuwa kama 873,000. Kwa mtu mwenye nyumba yake Mbagala au Kibaha, asiyelipa kodi ya pango, maisha yanakwenda.

Sasa zipeleke namba hizo ubalozini. Hispania wanataka uonyeshe euro 2,400 kwa mwezi, na nyingine 600 kwa ajili ya mwenza wako. Hizo za kwanza peke yake ni karibu shilingi milioni 7. Afrika Kusini wanataka randi 37,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 5. Thailand wanataka bahti 65,000, nazo ni karibu milioni 5. Ureno, ambao wanasifiwa kwa urahisi, wanapima kwa kima chao cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870, kama shilingi milioni 2.5. Mtumishi wetu wa miaka 35 kazini hafikii hata nusu ya hiyo.

Anasema, lakini nina milioni 64 benki. Nchi nyingi zitamjibu kwamba akiba ni nzuri ila zinachopima ni kinachoingia kila mwezi kwa uhakika. Thailand ni miongoni mwa zinazokubali akiba badala ya kipato: bahti 800,000 kwenye akaunti. Zibadilishe na utakuta ni milioni 60 na kitu, yaani mkupuo wake karibu wote. Na fedha hiyo haiguswi ovyo. Unapoongeza muda wa kukaa, inatakiwa iwe imelala benki miezi miwili kabla na miezi mitatu baada, na miezi mingine yote isishuke chini ya bahti 400,000. Kwa hiyo mtu amehamisha jasho la miaka 35 akaliweka benki ya ugenini asilitumie, huku akiishi kwa laki nane na sabini kwa mwezi. Mtu akinieleza mpango huu huwa namwomba asisaini chochote wiki hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Bajeti ya 2024/25 ilipotangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani, wastaafu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila mkupuo ukipanda, kinachobaki kugawanywa kwa mwezi kinapungua. Kwa mtumishi wa mfano wetu pensheni inashuka hadi kama 782,000. Kwa anayejenga au kufungua duka hiyo ni nafuu. Kwa anayeomba viza ya kipato, amesogea mbali zaidi na mlango.

Wako wanaofika kirahisi, na hao wasijizuie bure: waliostaafu Umoja wa Mataifa na mashirika ya kimataifa, wanaolipwa pensheni kwa dola, pamoja na wenye nyumba za kupangisha Masaki au Mikocheni zenye mikataba ya maandishi na kodi inayopita benki. Pango linalolipwa mkononi kila miezi sita, bila risiti, ubalozini halihesabiki.

"Pensheni ikipungua nitatafuta kibarua hukohuko"

Viza ya Hispania ya aina hii inakataza kazi. Ya Thailand pia. Ukikamatwa unauza hata chapati, ukaazi wako wote uko hatarini.

"Viza ya miaka 10 ni ruhusa ya kukaa miaka 10"

Uingereza hutoa viza ya ziara ya miaka 2, 5 au 10, lakini kila ukiingia hukai zaidi ya miezi sita. Marekani tarehe iliyo kwenye viza ni ya mwisho wa kuitumia kuingia. Siku za kukaa unapangiwa na afisa uwanja wa ndege, mara nyingi miezi sita. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Zamani watu walitegemea muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi hizo zimeanza kusajili kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha ya uso, na aliyepitiliza kompyuta inamtaja yenyewe.

Wengine hutoka na kurudi, miezi sita huku, wiki mbili Dar, miezi sita tena. Maafisa wa Uingereza wana mamlaka ya kumkataa mgeni ambaye kwa ziara za kufululiza ameifanya nchi yao kuwa makazi. Viza ya ziara ni ya kumlea mjukuu kwa kipindi, kisha unarudi nyumbani.

"Mwanangu ana uraia, ataniita nikaishi naye"

Inategemea yuko wapi. Akiwa Kanada una bahati. Wana viza ya wazazi na mababu, inayoitwa supa viza, inayodumu hadi miaka 10, na tangu Julai 2022 unaweza kukaa hadi miaka mitano kwa kuingia mara moja. Mwanao anaweza kuwa raia au mkaazi wa kudumu, na kipato kinachopimwa ni chake, kulingana na idadi ya watu anaowatunza, kwa hiyo pensheni yako ndogo haikufungi. Gharama iko kwenye bima: lazima iwe na kinga ya matibabu ya angalau dola za Kanada 100,000 na idumu angalau mwaka mmoja, na mwenye presha au sukari hulipa zaidi. Kadi yako ya bima ya afya ya NHIF haisaidii huko. Kwa mzazi wa Dar mwenye mtoto Kanada, naona hii ndiyo njia yenye akili kuliko zote nilizotaja.

Uingereza ni ngumu kupita watu wanavyofikiri. Mzazi awe hawezi shughuli za kila siku, kama kuoga na kuvaa, bila msaada wa muda mrefu, na mtoto athibitishe kwamba hata akituma fedha msaada huo haupatikani kwenu. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, kwa sababu familia inayoweza kumlipa dada wa kazi na muuguzi wa kuja nyumbani Sinza itaambiwa imlipe.

Marekani, mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, hawezi kumwombea mzazi. Ni raia mwenye miaka 21 au zaidi. Na Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kuingia kuanzia Januari 1, 2026, kwa hiyo ulizeni ubalozi wenyewe kabla ya kulipa ada yoyote.

"Afrika Mashariki ni yetu, nikitaka Mombasa nahamia tu"

Unaingia bila viza na unapewa hadi miezi sita. Haki ya kukaa zaidi, kwa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungamana na ajira au biashara. Mstaafu asiye na hivyo viwili anahitaji kibali cha uhamiaji cha nchi husika.

"Nikiondoka pensheni inakatwa, na uraia unakwenda"

Kibali cha ukaazi hakigusi uraia wako. Kinachouondoa ni mtu mzima kuchukua uraia wa nchi nyingine, maana sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Pensheni nayo haisimami kwa sababu umehama, husimama usipohakikiwa. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, sasa wanaruhusu mstaafu kujihakiki kwa simu, basi jifunze kufanya hivyo ukiwa bado hapa, na usiifunge laini yako ya Tanzania.

"Viza yangu itamlinda mke wangu pia"

Hapa nazungumza kwa uzito, kwa sababu ndilo swali ambalo akina baba hawaulizi na akina mama huona haya kuliuliza. Wanandoa wakihamia kwa pensheni ya mmoja, kibali cha mwenza huning'inia kwenye kipato hicho. Mstaafu wa PSSSF akifariki, wategemezi hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, na malipo ya kila mwezi huishia hapo. Siku ya kuhuisha kibali, nchi nyingi zitamtaka mjane aonyeshe kipato chake mwenyewe. Ni mama wa miaka 68, lugha ya kule anaijua nusu, nyumba ya Dar iliuzwa ili kulipia safari. Kwa hiyo kabla ya kuomba, kaeni wote wawili mezani na jibuni: mwenye pensheni akiondoka kwanza, anayebaki anaishi wapi na kwa fedha ipi? Kama jibu ni nyumba ya Dar, basi isiuzwe.

"Karatasi ninazo zote"

Zitazame majina kwanza. Pasi inasema Mohamed, barua ya pensheni inasema Mohammed, cheti cha ndoa kinasema Muhammad. Au mama ana jina la mume kwenye pasi na jina la baba yake kwenye faili la mfuko. Kwetu tunajua ni mtu yuleyule; afisa wa ubalozi anaona watu watatu. Kiapo mbele ya wakili husaidia, lakini ni bora kurekebisha kwenye chanzo, yaani RITA (vyeti), NIDA (kitambulisho cha taifa) na mfuko wa pensheni, ukiwa bado kazini na mwajiri wako yupo wa kukuandikia barua. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, kisha zithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje kama ubalozi unavyotaka. Cheti cha polisi kiombe mwisho kabisa, kwa sababu balozi nyingi hukikataa kikishapita miezi mitatu au sita, na utajikuta unarudi kuchukuliwa alama za vidole upya.