Kabla Hujasaini Mkopo, Iandike Jumla

Malalamiko ya mikopo ya "kausha damu", yaani ya riba kubwa mno, yanazidi kufika kwenye dawati letu hapa Tanga, na mengi huanza hivi: "Sikujua kama ni nyingi kiasi hiki." Wanaosema hayo ni wafanyabiashara wanaojua faida ya kila fungu la dagaa. Hesabu wanaiweza. Tatizo liko kwenye namna mkopo unavyoingia kichwani.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Kenneth Craik alieleza kwamba akili hujijengea mfano mdogo wa mambo ya nje, na kwa mfano huo hukisia kitakachotokea. Mwanasaikolojia mwingine, Philip Johnson-Laird, akaliendeleza wazo hilo: katika kufikiri akili hushika zaidi yaliyotajwa, na yasiyotajwa huachwa nje ya picha. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu kuhusu ugonjwa unaotishia maisha ya watu 600. Walipoambiwa mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, asilimia 72 waliuchagua badala ya ule wa kubahatisha. Kundi jingine liliambiwa kwamba kwa mpango huohuo watu 400 watakufa. Waliouchagua wakawa asilimia 22 tu.

Sasa twende sokoni Mgandini. Mama muuza machungwa ya Muheza anaambiwa: "Chukua laki tatu, mama, utarudisha elfu kumi tu kwa siku, siku arobaini." Elfu kumi anaijua, anaishika kila siku. Laki nne hakutajiwa, basi haimo kwenye picha. Ukiandika inaonekana: mkopo 300,000, marejesho 400,000, riba 100,000 ndani ya siku 40. Kwa ukomo wa Benki Kuu wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, riba ya siku hizo ni 14,000, hata ikipigwa juu ya mkopo wote. Na kama amekatwa 15,000 ya fomu, mkononi imefika 285,000 huku deni likisomeka laki tatu.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, chukua kalamu uandike mwenyewe mambo matatu: kiasi kitakachofika mkononi, jumla utakayorudisha, na tarehe ya mwisho. Mwombe mkopeshaji asaini chini yake. Akikataa, ondoka. Kisha mwombe leseni ya Benki Kuu, linganisha jina lililoandikwa humo na lile la kwenye mkataba, herufi kwa herufi, na uondoke na nakala yako. Kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Bado tunaambiwa, "Ana ofisi na bango, amesajiliwa huyo." Hapana! Leseni ya biashara ya halmashauri haichukui nafasi ya leseni ya Benki Kuu. Tumelisema hili mara nyingi mno. Programu kupatikana kwenye simu nako si kibali: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 za mikopo zisizo na leseni. Na kadi ya benki pamoja na namba ya siri haviachwi kwa mkopeshaji, hata kama ni jirani yako.

Aliyekwisha saini anaweza kulalamika. Anza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko Benki Kuu pamoja na mkataba, ujumbe wa simu na kumbukumbu zote za marejesho, hata zile zilizoandikwa kwa mkono kwenye daftari la sokoni.