"Fundi, ongeza pawa": dhana potofu kuhusu ruta za antena nyingi

"Antena nane, fundi, halafu inakwamakwama! Hebu iongeze pawa." Safari hii alikuwa mama mwenye hosteli, lakini ombi ni lilelile la kila wiki. Nikaingia kwenye ruta: pawa tayari ilikuwa mwisho.

Sikilizeni. Ruta inapohudumia simu kadhaa kwa mpigo, kinachoisumbua simu ya chumba namba 4 ni data ya namba 9, inayotoka kwenye ruta hiyohiyo. Ukipandisha pawa mara mbili, data yako imepanda mara mbili na usumbufu wa jirani umepanda vilevile. Umepata nini? Umewapigia kelele majirani wa nyumba ya pili, basi.

Antena nyingi kazi yake ni kutenganisha watu. Kila antena inatuma data ya wote, ila mawimbi yamecheleweshwa kwa vipimo, ili data ya namba 4 ikifika kwa mwenyewe vilele viungane, na ikifika kwa namba 9 kilele kikutane na bonde, vifutane. Antena nne zinaweza kuhudumia hadi simu nne za antena mojamoja kwa wakati mmoja. (Zile nane za mama, nne ni za masafa ya redio ya gigahezi 2.4 na nne za masafa ya 5.) Lakini lazima ruta ijue mawimbi yanaifikiaje kila simu, na kwenye gigahezi 5 wimbi moja lina sentimita 6 hivi. Sogeza simu sentimita 3, vipimo vimechakaa. Anayezunguka ukumbini na simu ya video hafaidi kitu. Simu mbili zilizolala meza moja nazo ni ngumu kutenganisha. Afadhali zipokezane zamu.

Simu yoyote inafaidi? Hapana. Ufundi huu ulianza na Wi-Fi 5, yaani toleo la tano la Wi-Fi, tena upande wa kupakua tu; kupakia kulisubiri Wi-Fi 6.

Antena zote zielekee kwa wateja? Antena ya fimbo hurusha kwa ubavu. Ukimnyooshea mtu ncha, umemnyima.

"Chaneli 3 haina mtu, tuhamie." Chaneli ni kipande cha masafa ambacho ruta inarushia. Kwenye gigahezi 2.4 vipande vinapandana: ukikaa 3 unagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Chagua 1, 6 au 11, tusibishane.

Kwa mama nilishusha pawa, nikaitoa ruta nyuma ya friji, na televisheni ya mapokezi nikaivutia waya. Televisheni haitembei, hewani inatafuta nini?