Jeni kuwa ndani ya faji si jeni kufanya kazi

"Mwalimu, jeni imeingia kwenye lamda, madoa yamejaa sahani nzima, mbona protini haionekani?"

Lamda ni faji, yaani virusi vya bakteria tunavyovitumia kubebea jeni, na madoa ni mahali vilipopasua bakteria kwenye sahani. Juzi nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyemaliza miezi minne na karibu kingamwili zote alizokuwa nazo. Nimechoka kulijibu swali hili kipande kipande mlangoni mwa maabara, na inaniuma kuona vijana wanatupa kazi nzuri wakidhani ni mikono yao iliyokosea.

Imani yenyewe ni hii: faji ni virusi, virusi huilazimisha seli itengeneze protini zao, kwa hiyo jeni yoyote utakayoipakia humo italazimishwa vilevile. Mwanzo wa maneno hayo ni kweli. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayopoteza watu.

Lamda ya asili ina jozi za besi 48,502. Sehemu ya katikati haihitajiki ili faji azaane na kupasua seli, kwa hiyo unaiondoa, unaweka yako, unaunga kwa ligesi (kimeng'enya kinachounganisha DNA), unafungasha ndani ya vichwa vya faji, unamimina juu ya bakteria E. coli. Haya mnayajua. Ninachoomba mkitazame vizuri ni ule ufungashaji. Terminesi, kimeng'enya cha faji kinachokata DNA ya kufungashwa, inatafuta alama moja tu kwenye DNA, cos. Inakata hapo, DNA inasukumwa kichwani hadi cos inayofuata, basi. Kinachobaki ni urefu: ikiwa chini ya asilimia 78 ya lamda ya asili au ikipita asilimia 105, hupati chembe hai. Hakuna hatua hata moja ambapo maana ya DNA hiyo inaulizwa. Ushahidi ni kosmidi, aliyoileta Collins pamoja na Hohn mwaka 1978: plasmidi (kiduara cha DNA cha bakteria) iliyopewa cos. Haina jeni ya kichwa wala ya mkia, lakini vichwa vya lamda vinaipokea pamoja na kipande cha jozi 40,000 cha mnyama yeyote. Gunia halijui limejazwa mahindi au mchanga.

Kwa hiyo doa kwenye sahani linakuambia kwamba DNA yenye urefu unaokubalika imeingia, na kwamba jeni za faji zinafanya kazi. Jeni yako inaweza kuwa imelala fofofo.

Nadhani najua imani hii ilikopata nguvu. Mwaka 1976 Struhl, Cameron na Davis walipakia DNA ya hamira kwenye lamda, wakapata kipande kilichowawezesha E. coli wasioweza kutengeneza histidini waanze kuitengeneza. Jeni ya hamira, HIS3, ilisomwa na bakteria! Ilikuwa kazi kubwa, na naiheshimu. Lakini HIS3 haina introni (vipande vya kati vinavyopaswa kuondolewa kabla ujumbe wa jeni haujatafsiriwa), na uchaguzi wenyewe ulikuwa wa njaa: bakteria ambao hawakupata kilichofanya kazi hawakuota, wakaonekana waliofaulu tu. Chukua sasa jeni ya ng'ombe moja kwa moja kutoka kwenye kromosomu. E. coli hana mashine ya kuondoa introni. Polimeresi yake, inayonakili jeni kuwa RNA, haitambui promota ya ng'ombe, yaani alama ya pa kuanzia kunakili. Ribosomu yake, inayotengeneza protini, haioni pa kukaa. Vizuizi ni vitatu, na kichwa cha faji hakikusaidii hata kwa kimoja.

Lamda gt11, ya Young na Davis, 1983, ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ina jozi kama 43,700, kwa hiyo inabakiza nafasi ya 7,200 hivi. Mkato wa kimeng'enya EcoRI, pa kuingizia DNA yako, uko ndani ya lacZ, jeni ya protini beta-galaktosidesi, jozi 53 kabla ya kodoni ya kusimamisha (besi tatu zinazomaliza protini). cDNA yako, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka RNA na ambayo haina introni, inashikizwa kwenye mkia wa beta-galaktosidesi. Promota ni ya lac na makao ya ribosomu ni ya lacZ. Yote ni ya kuazima! Jeni yako imepanda basi ambalo tayari linaondoka.

Na hata hapo, lazima ipande kwa mlango sahihi. Kipande kinaweza kuingia kwa mielekeo miwili, na kila mwelekeo una fremu tatu za usomaji, kwa kuwa besi husomwa tatu tatu. Moja tu kati ya hizo sita inatoa protini yako. Kilichoingia kinyumenyume kinaharibu lacZ vilevile, na doa lake linakuwa jeupe vilevile kwenye X-gal, kemikali inayotoa buluu lacZ ikiwa nzima. Nasema hili kila mwaka, na kila mwaka naletewa sahani ya madoa meupe na kuambiwa "inadhihirika", yaani jeni inatoa protini. Weupe unasema lacZ imekatizwa. Hausemi kilichoikatiza kinasomekaje.

Hiyo moja kwa sita yenyewe mimi siiamini sana, ingawa vitabu huiandika kana kwamba imepimwa kwa rula. cDNA ndefu mara nyingi huja na kipande cha mwanzo kisichotafsiriwa, na humo kodoni za kusimamisha hazikosekani. Fremu inaweza kuwa sahihi na bado ribosomu ikaishia njiani. Vipande vilivyokatwakatwa ovyo vimenipa matokeo mazuri kuliko cDNA kamili, nami sasa huanza navyo. Sipendi pia jinsi vitabu vinavyopita haraka kwenye seramu, inayotoa kingamwili za kuitafutia protini. Seramu ya mtu au ya ng'ombe ina kingamwili dhidi ya E. coli mwenyewe. Kwanza naichanganya na mabaki ya E. coli ili yazinase kingamwili hizo, na bado doa linalong'aa siliamini mpaka nimelisafisha mara tatu na linang'aa tena.

Protini ikishatoka, umbo nalo ni shauri lingine. Mfano wangu wa karibu ni p67, protini ya uso wa sporozoiti za Theileria parva, vimelea wa ndigana kali. ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, Nairobi, waliitengeneza ndani ya E. coli ikiwa imeungwa na kipande cha protini ya virusi vya mafua, na mwaka 1992 yakachapishwa matokeo ya ng'ombe waliochanjwa kwayo: baadhi walikingwa. Baadaye wengine waliihamishia kwenye seli za wadudu wakitafuta umbo linalokaribia la asili.

Kuna wanaonijibu kwamba faji ni mambo ya zamani, wao wanatumia plasmidi za pET ndani ya BL21(DE3), aina ya E. coli. Hebu someni kichupa. DE3 ni lamda aliyejificha ndani ya kromosomu, amebeba jeni ya RNA polimeresi ya faji T7 chini ya promota ya lacUV5. Promota iliyo kwenye pET ni ya T7. Hiyo ndiyo kazi ya Studier na Moffatt, 1986, na inafaulu kwa sababu polimeresi na promota vimeletwa pamoja kwa makusudi.

Kwa kijana wa juzi: usitupe sahani zako. Chukua madoa kumi meupe, fanya PCR (kuzidisha kipande cha DNA) kwa praima, vipande vifupi vya kuanzishia, za pande zote mbili za mkato, soma mpangilio wa kila kiungo, kisha hesabu besi tatu tatu kutoka lacZ. Zenye fremu nzuri ziingize kwenye E. coli aina ya Y1089 upate lisojeni (bakteria aliyebeba faji ndani ya kromosomu), otesha kwa nyuzi 32, pandisha hadi 44 kwa dakika 20, weka IPTG ya kuiwasha promota ya lac, rudisha 37. Endesha jeli, hamishia kwenye utando, gusa kwa kingamwili ya beta-galaktosidesi. Yenyewe peke yake ina kilodaltoni 116. Ukiona mkanda juu ya hapo, lete, tutakaa mchana mzima kuutazama. Ukikomea palepale 116, kuna kodoni ya kusimamisha karibu na kiungo, na tutaagiza praima mpya wiki hiyohiyo.